Mbambu Aliandikwa Mgeni

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe sita mwezi wa tatu, mwaka 1974, kabla ya saa sita mchana, na yaliharibika huku Okullo akicheka. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Anayegongwa na gari angalau husikia honi. Yeye alitoka kwenye geti la shule moja pale Old Kampala, mkono wa Mbambu uko ndani ya mkono wake, kadi mpya ya kijani iko mfukoni mwake, na furaha aliyokuwa nayo hakuwahi kuwa nayo tangu siku alipomzika mkewe.

Amri ilitoka redioni wiki moja kabla. Kila mtu ambaye kwao si Uganda aende akajiandikishe, na asiyekuwa na kadi mwezi ukiisha atajijua mwenyewe. Kwa nini, na kwa faida ya nani, hakuna aliyeambiwa. Ndivyo walivyokuwa wakubwa wa siku zile. Wanaamka, wanakunywa chai yao yenye maziwa, wanaamua watu fulani wapange mstari juani. Mtu mdogo haulizi, anapanga.

Okullo hakuwa na lazima ya kupanga. Yeye alikuwa mtu wa kabila la Lango, wa Lira, dereva wa mtambo wa kushindilia barabara, mtu wa darasa la nne aliyejua kusoma jina lake na majina ya mitaa. Alikwenda kwa sababu ya Mbambu. Tangu alfajiri alisimama naye kwenye mstari ule, akimkinga jua kwa kofia yake ya kazi, akihamisha kofia kila jua lilipohama, na wanawake wa nyuma yao wakawa wanaguna na kuulizana kwa sauti ya kusikika kama bado wanaume wa namna hii wanapatikana, na wanapatikana wapi.

Walikutana kwa ajili ya lami. Mwaka mmoja nyuma, Okullo alipeleka shati lake kwenye baraza la duka lililoachwa na Wahindi, ambako wanawake wawili wa Kikongo walikuwa wanafua na kupiga pasi. Mmoja alikuwa Julienne, mnene, mwenye kicheko cha karibu. Mwingine alilishika shati kwa ncha za vidole, akalinusa, akamtazama mwenyewe kuanzia viatuni. Akamwambia kwamba lami haitoki kwa sabuni, inatoka kwa mafuta ya taa, na kwamba mtu anayefanya kazi ya lami na shati jeupe ama hana mke ama mke wake amenyamaza tu. Okullo alijibu kwamba mke amekufa. Yule mwanamke alilikunja shati taratibu, akasema pole, na akakataa kulipwa.

Jina lake la kanisani lilikuwa Bibiane. La kwao, la Kinande, lilikuwa Mbambu, na Okullo alilichukua hilo kwa sababu hakuna mwingine Kampala aliyelitumia isipokuwa Julienne. Kuanzia siku ile mashati yake yakawa hayaishi kuchafuka. Baada ya miezi mitatu Mbambu aligundua kwamba madoa yanakaa mahali pale pale, mfuko wa kushoto, duara moja kama limepakwa kwa kidole. Akalitandaza shati mezani mbele yake.

"Hii lami ilikurukia weye," aliuliza, "ama weye ulienda kuiamkia?"

Okullo, mwanaume wa miaka thelathini na minane, alitazama chini kama mtoto wa darasa la kwanza. Mbambu alicheka mpaka pasi ya makaa ikaunguza kola. Hapo ndipo mapenzi yao yalipoanzia, kwenye harufu ya kola ya kuungua.

Mkewe wa kwanza aliitwa Amito. Alifariki katika kujifungua, yeye na mtoto, kwenye hospitali ambayo daktari wake wa zamu alikuwa ameitwa kwenda kumtibu mkubwa mmoja mafua. Mafua. Okullo hakulisahau neno hilo hata siku moja. Kwa miaka mitatu alikula peke yake, akalala peke yake, na kila baya lililompata, hata mvua ikimnyeshea, alijua ni kina nani wa kulaumiwa. Mbambu ndiye mtu wa kwanza aliyemfanya apitishe siku nzima bila kuwalaumu.

Lakini palikuwa na dada yake mkubwa, Alanyo, mke wa askari wa magereza, mkaaji wa Luzira. Alanyo ndiye aliyemlea Okullo baada ya mama yao kufa, na bila neno lake hakuna ndoa ambayo ingetambuliwa nyumbani Lira. Okullo alipompelekea habari za Mbambu, dada aliacha kupepeta mtama wake akauliza maswali matatu, mtu huyo ni wa ukoo gani, baba yake yuko wapi, alifikaje hapa. Okullo akasema kweli. Alikimbia vita vya Kongo mwaka 1964, akiwa na miaka kumi na tano, baba alibaki njiani, shangazi aliyemshika mkono akafia Kasese.

"Omera," Alanyo alisema, na omera kwao ni ndugu yangu, "ng'ombe wa mahari utampelekea nani? Mti?"

"Tutatafuta mtu wa kwao apokee."

"Mtu wa kwao utamtafuta wapi, na yeye mwenyewe hajui walipo? Mke asiyepokelewa ng'ombe ni hawara, na watoto wake ni wa barabarani. Na mkimbizi, ndugu yangu, miguu yake imeshazoea. Leo amekimbia vita. Kesho utakosa chumvi atakukimbia wewe. Mgeni nitampikia, nitamtandikia. Mkimbizi usiniletee."

Neno hilo lilimkaa Okullo kooni. Mkimbizi. Alilisikia akiwa juu ya mtambo wake, alilisikia akinawa uso. Kila alipomtazama Mbambu akipuliza makaa, jasho limemtiririka shingoni, alitamani kumfuta lile neno kama mtu anavyofuta doa.

Ndiyo maana Jumatano ile, walipofika mezani, alikaa yeye kwenye kiti, Mbambu akasimama.

Karani aliitwa Erinayo, Muganda mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi sikioni, mtu wa adabu, kila mwanaume kwake ssebo, bwana, na kila mwanamke nnyabo, bibi. Aliandika jina, umri, mahali pa kuzaliwa. Halafu akaigeuza karatasi ili nao waione.

"Ssebo, hapa pana maneno manne. Tunaweka alama kwa moja tu."

Yalikuwa ya Kiingereza. Okullo alisema yeye Kiingereza chake ni cha mabango ya barabara, amfafanulie. Erinayo akayapitia kwa kalamu, moja moja, kama mwalimu.

"Hili la kwanza, resident, ni mtu wa kukaa, mwenye karatasi za kukaa. Nnyabo hana. Hili, alien, ni mtu wa nje tu, basi, tunawapa Wazungu na wengine tusiojua kwao ni wapi. Hili, refugee, ni mtu aliyekimbia, hawezi kurudi. Na hili la mwisho, visitor, ni mtu aliyekuja kutembea."

"Si wote hao ni wageni?"

"Kwenye Kiswahili tunawaita wageni wote, na kwetu Buganda vilevile. Lakini Kiingereza kila mmoja kimempa chumba chake. Na mlango wake."

Mbambu aliinama akaweka kidole kwenye neno la tatu. Hakujua kulisoma, alilihesabu tu.

"Mimi ni hii," alisema. "Nilikimbia. Andika hiyo, karani."

Okullo akaufunika mkono wake kwa mkono wa kwake na kuuondoa pale polepole. Aliona mbele yake uso wa Alanyo na ule ungo wa mtama. Aliona kadi hii ikipita mikononi mwa wazee wa Lira, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akilisoma neno lile. Akamwambia Erinayo aweke alama kwenye la mwisho. Mgeni.

Erinayo hakuandika mara moja. Alivua miwani, akaipangusa kwa shati.

"Mgeni ana siku zake, ssebo."

"Kwetu siku za mgeni anazihesabu mwenyeji. Mwenyeji wake ni mimi."

"Sisemi ya kwenu. Nasema ya hapa mezani. Nnyabo, wewe wasemaje?"

Mbambu hakumtazama karani, alimtazama Okullo. Miaka kumi amekaa Kampala, amefua nguo za watu wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya meza ya serikali akasema mimi ndimi mwenyeji wake. Macho yakamlainika.

"Andika anavyosema," alisema.

Ndipo wakatoka wakicheka.

Jumapili ile Okullo alimpeleka Luzira. Kwanza alimpa Alanyo kadi. Alanyo alimpa mumewe aisome, mume akasema ndiyo, imeandikwa mgeni, ina muhuri. Basi nyumba ikabadilika. Mbambu aliletewa kiti chenye mgongo, kile kimoja tu cha nyumba nzima, akamwagiwa maji ya kunawa na Alanyo mwenyewe, akapewa kuku na malakwang, ile mboga chachu ya Kilango iliyoungwa kwa karanga. Aliulizwa habari za kanisa lake. Aliposimama kusaidia kuondoa sahani, Alanyo alimshika bega akamkalisha tena, akisema mgeni hashiki sufuria nyumbani kwake, watu watamsema.

Walirudi kwa miguu kandokando ya ziwa, Okullo akipiga mluzi. Walipofika njia panda Mbambu alisimama.

"Dada yako hakuniachia hata kijiko," alisema.

"Ni heshima hiyo. Huoni alivyokupokea?"

"Naona. Lakini mwanamke anayeolewa huwa anatumwa, Okullo. Anaambiwa lete maji, pepeta hiki, mbona unakata vitunguu hivyo. Kile kiti ni cha mtu ambaye jioni anarudi kwao."

Okullo alimwambia ampe muda. Mti haupandwi asubuhi ukaliwa matunda jioni, hivyo ndivyo alivyotaka kusema, ila alijua Mbambu angemcheka, kwa hiyo alimshika tu kiuno, na Mbambu akamwegemea, na wakatembea hivyo mpaka macho ya watu yakawa mengi. Alimwambia kwamba baada ya Pasaka Alanyo atakuwa amemzoea, na hapo ndipo watazungumza habari ya ng'ombe. Mbambu alisema sawa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefunga mlango kwa upole ili asimwamshe mwenzake.

Siku za mgeni, thelathini tu, si nyingi. Zilikwisha Ijumaa, wao hawana habari. Zilikuwa zimeandikwa nyuma ya kadi, kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mumewe Alanyo alisoma mbele tu. Okullo hakusoma popote.

Jumatatu, tarehe nane mwezi wa nne, alikuwa juu ya mtambo, kwenye kilima cha Mbuya, alipomwona Julienne anapanda barabara anakimbia, viatu mkononi. Julienne si mtu wa kukimbia. Okullo aliuzima mtambo kabla hajaulizwa. Julienne alishika gurudumu lile la chuma, akahema, akasema wamekuja na lori barazani, wanasoma majina ya wageni, wamemchukua Mbambu na pasi bado ina moto.

"Na wewe?" Okullo aliuliza. "Mbona wewe wamekuacha?"

"Mimi niliandikwa mkimbizi." Julienne alianza kulia. "Wametazama kadi yangu wakasema huyu akae."

Okullo hakwenda kwenye lori kwanza. Alikwenda kwa Erinayo, kwa sababu mtu aliyefunga fundo ndiye wa kulifungua, hivyo alifikiri. Akamkuta kwenye meza ile ile, shule imerudi kuwa shule, watoto wanaimba hesabu upande wa pili wa ukuta. Alimwomba afute alama moja, aiweke mstari mmoja juu yake. Kitu kidogo kama hicho, wino wa kalamu. Erinayo alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwamba daftari lilishapelekwa kwa wakubwa, na hata lingekuwepo, mtu akishasema kwa mdomo wake kwamba alikuja kutembea hawezi tena kusema kwamba alikimbia. Watamwona mwongo, na mwongo hapelekwi mpakani. Hupelekwa pengine.

"Angekuwa mke wako kwa karatasi," Erinayo aliongeza, "hata ya kanisa, ningeandika barua sasa hivi ukaikimbiza. Iko?"

Okullo alisema bado. Walikuwa wanangoja Pasaka.

"Pasaka ni Jumapili hii, ssebo," Erinayo alisema, na akainamia karatasi zake ili asimwone anavyotoka.

Lori lilikuwa uwanjani chini ya kilima, limejaa nusu. Watu walikaa kimya na mafurushi yao, kama abiria waliokwisha kukata tiketi. Aliyesimamia alikuwa sajini mmoja, Kamis, mrefu, mwenye sauti ya kuchoka na Kiswahili cha kambini kilichovunjika. Okullo alimwendea, kofia mkononi, akamwambia kwamba yule mwanamke wa kitenge cha buluu ni mke wake.

Kamis akaomba kadi, akaitazama mbele na nyuma.

"Hii nasema mgeni."

"Ni makosa, afande. Ni mke wangu."

"Sasa wewe naoa mgeni? Nani naandika hii?"

Okullo aliikunja kofia yake. Kamis alimtazama kwa muda, na pengine naye alikuwa na mke mahali, kwa maana alitoa sigara akasema, "Nitavuta hii. Ikiisha, gari naondoka."

Mbambu alikuwa amekaa pembeni, karibu na ubao wa nyuma. Mikono yake ilikuwa bado na wanga mweupe mpaka kwenye viwiko. Alipomwona hakulia. Aliteleza mpaka ukingoni, akamshika uso kwa mikono miwili, na wanga ukamkaa Okullo mashavuni.

"Umekula?" alimuuliza.

Kwa swali hilo Okullo ndiye aliyelia. Akalia kama hakulia hata kwa Amito, mabega yakiruka, na watu wa kwenye lori wakageuza nyuso zao kando. Aliapa kwamba atamfuata. Atachukua likizo, atavuka mpaka pale Mpondwe, atamtafuta kwao Beni nyumba kwa nyumba.

"Beni mimi sina nyumba," Mbambu alisema. "Baba alilala njiani, unajua. Wananirudisha kwa watu ambao hawapo."

"Nitakuja hata hivyo."

"Njoo. Lakini usiahidi hapa mbele ya watu, watanicheka njia nzima."

Alijaribu kutabasamu. Okullo alilishika lile tabasamu kwa macho, kila sehemu yake, jino la mbele lililopishana kidogo na mwenziwe, kidoti cha kuungua kwa pasi kwenye kidevu. Kisha hasira ikampanda, ile ya zamani, ambayo Mbambu alikuwa ameituliza mwaka mzima. Akaanza. Wakubwa hawa, alisema. Walimwua Amito, sasa wanamchukua huyu. Wanakaa ofisini wanatunga maneno manne pale ambapo moja lingetosha, ili mtu masikini achague la kumnyonga. Mungu atawauliza. Watoto wao watawauliza. Alisema mengi, na yote yalikuwa kweli, na sigara ya Kamis ilikuwa inaisha.

Mbambu alimwekea kiganja mdomoni.

"Wakubwa waliuliza," alisema taratibu. "Mimi nilijibu. Niliweka kidole changu pale, na mkono ulioutoa ulikuwa wa kwako."

"Nilitaka wakuheshimu, Mbambu. Nilitaka usiitwe vile."

"Kuitwa vile kulikuwa kunaniuma lini? Miaka kumi nimeitwa. Nimekimbia, nimefika, nimeishi. Mimi sikuona haya hata siku moja."

Dereva aliwasha injini. Kamis akatupa kipande cha sigara, akakikanyaga, akaja kufunga ubao wa nyuma bila kumtazama yeyote. Okullo alirudi nyuma hatua moja, halafu akaanza kutembea na lori, mkono juu ya ubao, na lori lilipoongeza mwendo akawa anakimbia, mtu mzima, na viatu vyake vizito vya kazi. Mbambu aliinama juu ya ubao ili sauti yake isimezwe na injini.

"Nataka kujua kitu kimoja, nikae nacho huko," alisema. "Siku ile, Okullo, ulikuwa unanificha kwa wakubwa, ama kwa dada yako, ama ni weye mwenyewe uliyekuwa unanionea haya?"